Kufungua mwaka wa utamaduni Dar: Mnazi Mmoja, Coco Beach au kila wilaya kwake?

Kikao cha kupanga ufunguzi hakichelewi kugawanyika. Mmoja anasema Mnazi Mmoja, kwa kuwa mambo makubwa ya mji huu yamezoea kuanzia pale. Wa pili anasema Coco Beach, vijana wako kule. Wa tatu, mara nyingi mtu wa Temeke au Kigamboni, anauliza kwa nini kila jambo la jiji lazima lifanyikie mjini. Wote watatu wana hoja. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii, vya matamasha madogo ya kata, na nimeona saa mbili zikiisha watu wanatetea viwanja bila kusema wanavipima kwa kipimo gani.

Hapa nazilinganisha njia hizo tatu kwa ajili ya siku ya kwanza ya mwaka mzima wa utamaduni: mwaka wa ngoma, taarabu, dansi, singeli, picha, ushairi na mapishi, unaofunguliwa Jumamosi moja na kuendelea miezi kumi na miwili. Ufunguzi wa mwaka una kazi yake. Tamasha la siku tatu likiisha, watu wamekata kiu. Ufunguzi unatakiwa umrudishe mtu nyumbani akiwa na hamu bado, na akijua wiki ijayo kuna nini, wapi, na nauli ni kiasi gani.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza ni kufika na kurudi, na mkazo wangu uko kwenye kurudi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wao wanakaa mbali na Posta, katikati ya mji. Mama wa Chanika mwenye watoto wawili anaamua kuja au kubaki kwa kufikiria atapata gari saa ngapi usiku. Cha pili ni jua, mvua na bahari. Cha tatu: nani anaonekana, yaani kikundi kipi kinapata jukwaa na mwananchi yupi anaona kitu zaidi ya migongo ya wenzake. Cha nne ni fedha na vibali. Cha tano ni kile kinachobaki Jumapili asubuhi viti vikishapakiwa.

Kabla ya mahali, tarehe

Tarehe inabadilisha alama za kila uwanja, kwa hiyo ianze. Januari na Februari joto ni kali, na Januari ada za shule zimekausha mifuko. Masika, Machi hadi Mei, hayafai kubahatishwa. Vuli, Oktoba hadi Desemba, huweza kuwa manyunyu, huweza kuwa mafuriko ya Jangwani. Kinachobaki ni Juni hadi Septemba, kipupwe na miezi inayokifuata, wakati mtu anaweza kusimama nje saa tatu bila kuzimia.

Ndani ya miezi hiyo iko 7 Julai. Ni Sabasaba, siku chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954, na ni Siku ya Kiswahili Duniani tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021. Kwa mji huu sijui tarehe inayobeba maana kuliko hiyo. Ila maonyesho ya biashara huwa yanaijaza Barabara ya Kilwa siku hizo hizo, na ukiwa na shughuli upande wa Temeke utaumia. Tena hiyo tarehe huangukia siku yoyote ya wiki; chagua Jumamosi iliyo karibu nayo. Na usifunge tarehe yoyote kabla ya kutazama ratiba ya ligi. Simba na Yanga zikikutana siku yako, umebaki na ndugu wa wachezaji ngoma.

Mnazi Mmoja

Kufika na kurudi. Hapa Mnazi Mmoja inashika mbele. Basi la mwendokasi la Kimara, lililoanza Mei 2016, linakushusha kituo cha Faya au Gerezani, na toka hapo ni kutembea. Kariakoo ndiyo njia panda ya daladala za karibu kila upande wa mji. Mtu wa Kigamboni anavuka kwa pantoni, anashuka Feri, anachukua bajaji. Tatizo ni kwamba Jumamosi Kariakoo ina watu wake tayari, na mchuuzi hatafunga meza kwa sababu yenu. Malori ya jukwaa na spika yaingie Ijumaa usiku. Yakisubiri alfajiri hayafiki.

Jua, mvua na bahari. Uwanja ni wazi na kivuli ni cha pembezoni tu. Hata Julai, kati ya saa sita na saa tisa jua linauma. Anza saa tisa na nusu. Jua huzama saa kumi na mbili na robo au nusu, kwa hiyo una saa tatu za mwanga, kisha pumziko la swala ya magharibi, kisha taa.

Nani anaonekana. Hapa nitakaa kidogo. Enzi za mkoloni mji huu uligawanywa: Uzunguni upande wa baharini, Uhindini katikati, na kwa Waafrika Kariakoo na mitaa yake. Uwazi wa Mnazi Mmoja ulikaa kati ya Uhindini na Kariakoo kama mpaka. Leo pale pamesimama Mnara wa Uhuru, na hatua chache tu uko Ukumbi wa Anatoglo uliopokea mikutano ya siasa za kudai uhuru. Ukifungulia mwaka pale, watu wa pande zote mbili wanakutana juu ya ardhi iliyowekwa ili wasikutane. Hiyo ni maana ambayo hakuna mapambo yanayoweza kuinunua.

Lakini uwanja mmoja wenye jukwaa moja una ugonjwa wake, nao ni meza kuu. Tulipoandaa tamasha la kata, vikundi viliitwa saa sita mchana. Mgeni rasmi alifika saa kumi. Wazee wa ngoma walikuwa wamekwisha kukanza ngoma zao motoni mara moja. Ngozi zikalegea, wakatafuta mabua wakakanza tena, na walipopandishwa jukwaani waliambiwa wana dakika tano kwa sababu hotuba zimekula muda. Mzee mmoja alipiga dakika zake tano, akafunga ngoma yake kwenye khanga, akaondoka bila kuchukua soda. Tangu siku hiyo nasema hivi kwenye kila kikao: vikundi vianze saa iliyoandikwa, mgeni awe yupo au hayupo; hotuba zote kwa pamoja zisizidi dakika ishirini; na pawepo sehemu ya moto wa kukanzia ngoma, Zimamoto wakiwa wamejulishwa.

Fedha na vibali. Jukwaa moja, fundi mitambo mmoja na wasaidizi wake, jenereta moja na ya akiba. Ndiyo njia nafuu kwa kila mtazamaji. Barua zinakwenda halmashauri kwa ajili ya uwanja, polisi kwa ajili ya mkusanyiko, BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwa ajili ya sanaa, na wanaosimamia hakimiliki kwa ajili ya muziki utakaopigwa. Pesa ambayo kamati husahau ni ya vyoo. Omba bei ya vyoo vya kukodi kabla ya bei ya spika, na vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume.

Kinachobaki. Picha moja kubwa itakayotumika mwaka mzima, na uwanja wenye takataka. Mtu wa Mbagala amekuja, amefurahi, amerudi. Mtaani kwake hakuna kilichobadilika.

Inamfaa nani. Kamati yenye bajeti moja isiyogawanyika, inayotaka mji mzima uone kitu kimoja kwa wakati mmoja, na yenye mwenyekiti anayeweza kumwambia mgeni mkubwa kwamba muda umekwisha.

Coco Beach

Kufika na kurudi. Kufika kuna raha, kurudi kuna kazi. Daladala za Masaki hupita Barabara ya Haile Selassie. Toka hapo unatembea au unapanda bajaji. Barabara ya Toure ikijaa magari binafsi, hata gari la wagonjwa linapita kwa shida. Wa Gongo la Mboto atabadilisha gari mara mbili au tatu, na usiku bodaboda wanajua hana njia nyingine. Ukichagua Coco, weka kwenye bajeti mabasi ya kurudisha watu mpaka kituo cha Morocco na Kariakoo, tena yaandikwe kwenye tangazo ili watu waje wakiwa na uhakika.

Jua, mvua na bahari. Wapangaji wengi hutazama mvua tu. Pale mwenye nyumba ni upepo na maji. Kati ya Mei na Septemba kusi hupiga kutoka kusini-mashariki, na ufukwe ule umeukabili. Mahema yanapaa, kipaza sauti kinavuma, mabango yanageuka matanga. Kisha kuna maji. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tunaingia bamvua: maji hujaa kama saa kumi jioni, saa ile ile watu wanapomiminika, na mchanga unabaki ukanda mwembamba. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku hizo hupita mita tatu. Jumamosi ya maji mafu, kujaa na kupwa kunapokuwa kudogo, ni salama zaidi, na jedwali la kujaa na kupwa linapatikana mapema. Hakuna sababu ya kamati kushangazwa na bahari.

Nani anaonekana. Vijana, familia za Jumapili, wapenda Bongo Fleva. Mji huu ulianza kama kijiji cha wavuvi, Mzizima, kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajauanzishia bandari yake miaka ya 1860, kwa hiyo kufungulia baharini kuna mizizi. Walete wavuvi na ngalawa zao, waleteni mafundi wa kushona tanga. Wachoraji wa Tingatinga ni majirani: mtindo ule ulizaliwa Oysterbay, kwa mkono wa Edward Saidi Tingatinga aliyefariki 1972. Mihogo ya kukaanga, mishikaki na madafu vipo tayari, na wauzaji wake wanaujua ufukwe kuliko kamati yoyote. Waingizwe kwenye mpango. Kuwafukuza ili kumpisha mdhamini ni kuondoa utamaduni siku ya kusherehekea utamaduni. Kundi lisiloonekana ni wazee. Mchanga haufai kwa fimbo wala kwa kiti cha magurudumu, na bibi aliyecheza lelemama ujanani hatasimama saa nne kwenye upepo.

Fedha na vibali. Mitambo ni ile ile ya Mnazi Mmoja, ongeza waokoaji majini, ongeza taa za ufukweni, ongeza mabasi. Nyumba za watu na balozi ziko jirani, kwa hiyo saa ya kuzima muziki haitakuwa ya mjadala.

Kinachobaki. Kumbukumbu nzuri na video nyingi kwenye simu. Kwa kuuza mwaka kwa wageni na wadhamini, hakuna mandhari inayoishinda bahari ile saa ya machweo, ingawa jua lenyewe linazama nyuma yenu.

Inamfaa nani. Mwaka unaolenga vijana na muziki wa sasa, ufunguzi mwepesi usio na meza kuu, na kamati iliyo tayari kulipia kurudi kwa watu.

Kila wilaya kwake

Njia hii inafungua mwaka kwa wakati mmoja katika sehemu tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni. Mwembe Yanga kwa Temeke, Biafra kwa Kinondoni, na wengine kila mmoja uwanja wake anaouzoea.

Kufika na kurudi. Watu wanatembea kwa miguu. Mtoto anakwenda na bibi yake, na saa mbili usiku wote wamelala. Hakuna njia inayokaribia hii.

Jua, mvua na bahari. Mvua ikinyesha Kigamboni huenda Kimara ni kukavu. Hasara inagawanyika. Galway, Ayalandi, ilipofungua mwaka wake wa mji wa utamaduni wa Ulaya, sherehe kubwa ya 8 Februari 2020 ilifutwa kwa sababu ya dhoruba Ciara. Miji midogo ya jirani ilikuwa imeshapata usiku wake wa ufunguzi wiki hiyo hiyo. Waliotegemea usiku mmoja mkubwa ndio waliokosa.

Nani anaonekana. Hapa ngoma inarudi ardhini. Jukwaa la juu halikutengenezwa kwa ajili ya ngoma; ngoma inataka duara, na duara linataka watu walio karibu kiasi cha kuingia kati na kumtuza mchezaji. Mchiriku na singeli vina wenyewe Tandale, Manzese na Mbagala, na vikipigwa kwao vinapata watu wanaojua kila neno. Halafu kuna mdundiko. Ngoma hii ya Wazaramo inatembea, na anayeifuata hujikuta mtaa asioujua. Kila mzazi wa Dar ya zamani ana kisa cha mtoto aliyepotelea kwenye mdundiko. Hebu fikiria asubuhi ya kwanza ya mwaka: mdundiko unatoka Buguruni, matarumbeta yanayozoea kubebwa kwenye gari la harusi yanatoka Magomeni kwa miguu, beni linatoka Kigamboni na kuvuka kwa pantoni likipiga juu ya maji. Kwa watoto, weka watu wenye fulana za rangi moja na kituo cha waliopotea kila uwanja.

Matera ya Italia ilifanya kitu cha namna hiyo tarehe 19 Januari 2019: wanamuziki 2,019 wa bendi za matarumbeta waliingia mitaani kwanza, wakawapigia wenyeji milangoni kwao, ndipo sherehe ya pamoja ikafuata. Jirani zetu Zanzibar nao wanalijua hili. Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004, limezoeleka kufungua kwa maandamano ya mitaani.

Udhaifu ni uzito usio sawa. Wilaya yenye afisa utamaduni mchangamfu na wafadhili itang'aa, nyingine itapata spika mbili za msikitini na MC asiye na orodha. Wenye wilaya hiyo wataona kwenye simu zao jinsi wenzao walivyofanyiwa, na watahesabu kuwa mwaka mzima utakuwa hivyo.

Fedha na vibali. Ndiyo ghali zaidi ukijaribu kuifanya kwa ukubwa: mitambo mitano, jenereta kumi ukihesabu za akiba, barua kwenye ofisi za wilaya zote, na askari wanaogawanywa siku moja. Inashuka bei ukikubali udogo: maturubai, viti vya plastiki vya mtaa, mama lishe wa pale pale, na wenyeviti wa serikali za mitaa wakishirikishwa miezi mitatu mapema. Barabara ikifungwa ni ya mtaa. Usiguse Morogoro wala Mandela.

Kinachobaki. Kamati tano zilizokwisha kufanya kazi mara moja. Mwaka una wiki hamsini na mbili, na mtu aliyefungua Mwembe Yanga ndiye atakayeweza kuandaa usiku wa mashairi Mwembe Yanga mwezi wa tisa. Kwa kipimo hiki cha tano, njia ya wilaya inaziacha nyingine nyuma sana, na sioni haya kusema ndiyo inayonigusa zaidi.

Inamfaa nani. Kamati yenye muda mrefu wa maandalizi, watu waaminifu kila wilaya, na moyo wa kukubali kwamba hakutakuwa na picha moja ya umati wa watu laki moja.

Viwanja viwili ambavyo vitatajwa kikaoni

Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000, na jirani yake, Uwanja wa Uhuru, ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Kama mna wasanii wa kujaza viti, ulinzi na vyoo vipo tayari. Ila kikundi cha watu ishirini wa ngoma kikiwa katikati ya nyasi, toka kwenye viti kinaonekana kama sisimizi. Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa 1966, ni kinyume chake: kivuli, nyumba za jadi, ngoma karibu na wewe. Kwa ufunguzi wa jiji ni kidogo. Kwa mwisho wa wiki ya pili, ni mahali pa kwanza kupapigia simu.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Mna miezi mitatu au pungufu: nendeni Mnazi Mmoja. Njia ya wilaya ikiharakishwa huacha wilaya mbili zikiwa na aibu, na Coco inataka mpango wa usafiri ambao hautengenezwi kwa wiki nane.

Mdhamini mkubwa analipa na anataka picha: Coco, Jumamosi ya maji mafu, ikiwezekana Februari, mkistahimili joto lake, upepo wa kaskazi ukiwa umetulia kuliko kusi ya Julai. Kwenye mkataba, andikeni mabasi ya kurudi na nafasi za wauzaji wa mihogo kabla hamjaandika ukubwa wa nembo yake.

Mna mwaka mzima wa kujiandaa na pesa za wastani: wilaya tano, ndogo ndogo, zenye kiwango kimoja cha chini kilichokubaliwa kwa maandishi. Idadi ya spika, viti, vyoo na posho ya vikundi iwe sawa kote. Posho ilipwe siku ile ile, mkononi au kwenye simu, kabla kikundi hakijapanda gari.

Mna mwaka na pesa pia: changanyeni. Asubuhi kila wilaya ifungue kwake, kisha mchana kikundi kimoja kutoka kila wilaya kielekee Mnazi Mmoja kwa mdundiko, matarumbeta na beni, wafike saa kumi na moja, wakutane chini ya mnara. Anayetaka kufuata atafuata, aliyechoka atabaki kwao akiwa amekwisha kuona ya kwake.

Wazee ndio walengwa wenu wakuu, watu wa vikundi vya taarabu vya Egyptian na Al-Watan, watu wa bendi za dansi za Msondo na Sikinde: muwe na viti vyenye egemeo, muanze saa tisa, na dansi lipigwe kabla ya giza. Singeli isubiri saa moja usiku, wao wakiwa wameshapanda magari.

Na kama tarehe imekwisha kutangazwa katikati ya masika na haibadiliki, tafuteni ukumbi wenye paa, punguzeni orodha ya wageni, na pelekeni ngoma za nje Juni.